Bigijii iliyokaa kitandani miaka 35

Kwenye vijiwe vya kahawa hapa Ngamiani, Tanga, kuna hukumu moja inatolewa kila siku na hakuna anayekata rufaa: msanii akiokota wimbo wa zamani wa mzaha akaupiga upya basi huyo kafilisika, hana jipya kichwani. Mie leo nakata rufaa. Na ushahidi wangu ni wimbo ambao wengi wenu hamjawahi kuusikia, wimbo unaouliza swali la kipuuzi kuliko maswali yote niliyowahi kukutana nayo: hivi bigijii inapoteza utamu ukiibandika kwenye nguzo ya kitanda ikalala hapo mpaka asubuhi?

Ndo hivyo tu, hamna mapenzi humo ndani, hamna msiba, hamna siasa. Ulitungwa Marekani mwaka 1924, maneno ya Billy Rose na Marty Bloom, muziki wa Ernest Breuer, na jina lake la kwanza ni "Does the Spearmint Lose Its Flavor on the Bedpost Over Night?", yani hawakusema bigijii hivihivi, walitaja kabisa bigijii inayouzwa dukani kwa jina lake. Walioirekodi ni Billy Jones na Ernest Hare, wachekeshaji wawili wa redio waliokuwa wanajiita The Happiness Boys, na hilo jina lao nalo ni tangazo, maana kipindi chao kule New York kilidhaminiwa na kampuni ya pipi iliyoitwa Happiness. Kwahiyo ni vijana wa pipi wanaimba bigijii. Udhamini haujaanza na mitandao ya simu, wagosi.

Ukiacha lile swali kuu, beti zinaendelea na maswali mengine ya aina hiyohiyo, mama akikukataza kuitafuna je unaimeza makusudi kumkomoa, na kadhalika na kadhalika, maswali juu ya maswali mpaka mwisho na hakuna hata moja linalojibiwa. Hapo ndo penye ufundi na wengi hawaoni. Kichekesho chenye jibu ukikisikia mara ya pili kimeshakwisha, unajua kinapoelekea, unacheka kwa adabu tu usimvunje mtu moyo. Kichekesho cha swali lisilo na jibu kinabaki wazi, unaweza ukakirudia mara mia na bado kila mtu akawa na lake la kusema.

Sisi Tanga tunalo jambo hilo karibu kabisa. Kundi la rapu la Wagosi wa Kaya, yani Mkoloni na Dr. John, walichukua lafudhi ya huku kwetu ambayo watu wa Dar walikuwa wanaicheka, wakaigeuza silaha, na walipouliza "Tanga kunani" nchi nzima ilicheka halafu ikanyamaza. Lakini mzaha wao una mwiba, unamlenga mtu fulani, ofisi fulani, wodi fulani. Ili ule wimbo wao wa wauguzi ukukolee lazima uwe umeshawahi kukaa benchi la hospitali ukasubiri mpaka ukakata tamaa. Ile ya bigijii haihitaji ujue chochote, uwe na mdomo tu inatosha. Sisemi upi bora (mie binafsi nachukua Wagosi asubuhi na jioni), nasema upi unavuka bahari kirahisi.

Sasa miaka ikapita, vita ikaja ikaisha, santuri zikabadilika, halafu akatokea Lonnie Donegan. Huyu jina la kuzaliwa ni Anthony Donegan, kazaliwa Glasgow 1931, kakulia London upande wa mashariki, na hilo la Lonnie kalichukua kwa mpiga gitaa mweusi wa Marekani aitwaye Lonnie Johnson. Alikuwa ndo mfalme wa skifle, muziki wa vijana wasio na hela: gitaa la bei poa, ubao wa kufulia nguo unakwaruzwa kwa vidole, na besi ya kujiundia kwa sanduku la majani ya chai, fimbo na kamba. Mtu aliyekua na mchiriku, muziki wa uswahilini Dar, na vile vinanda vidogo vya Casio haitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1956 Donegan akaingia kumi bora Uingereza na Marekani kote na "Rock Island Line", wimbo aliousikia kwa Lead Belly, mwimbaji mweusi wa Marekani wa nyimbo za jadi, na vijana wa Uingereza wakapagawa, kila mtaa ukawa na kikundi cha skifle, kimojawapo kikiwa The Quarrymen cha John Lennon kule Liverpool ambacho ndo baadae tukakijua kama The Beatles. Nataja haya ili ieleweke tunamzungumzia mtu mzito, siyo mchekeshaji wa kuokota.

Na mtu mzito huyohuyo, Desemba 1958, akapanda jukwaani New Theatre mjini Oxford akaimba habari za bigijii na kitanda. Ikarekodiwa palepale mbele ya watu, ikatoka, na 1959 ikafika namba 3 Uingereza. Kule Marekani ilikozaliwa haikumshtua mtu mwanzoni, mpaka 1961 ndo ikapanda ghafla hadi namba 5. Yani wimbo ni wao, wameutunga wao, wameusahau wao, mpaka umerudi kwa sauti ya mtu wa London ndo wanaukimbilia. Sisi tusicheke, baikoko imetoka huku kwetu, kina mama na wapiga ngoma wa Tanga wameicheza miaka na miaka tukaiona ngoma ya kawaida tu, ilipokwenda Dar ikapandishwa majukwaani na taa za rangi ndo baadhi yetu tukaanza kujigamba kwamba ni ya nyumbani.

Kabla sijafika kwenye hoja yangu kuna hiki kipande cha BBC lazima nikiseme. BBC haikuwa inapiga nyimbo zenye majina ya bidhaa, na Spearmint ilikuwa alama ya biashara, kwahiyo kwa Uingereza jina likabadilishwa likawa "Does Your Chewing Gum Lose Its Flavour (On the Bedpost Overnight?)". Watu wanalielezea hili kama usumbufu wa watu wa ofisini, mie naona walimfanyia Donegan hisani bila kujua. Wimbo ukaacha kumtangazia mtu biashara na swali likamgeukia moja kwa moja aliyekaa kwenye kiti ukumbini: wewe, yako inakuwaje?

Na hapo kwenye kiti ndipo nilipotaka tufike. Wachambuzi wengi wakiongelea nyimbo hizi za mzaha zilizofufuka wanasema aah, ni biti mpya, ni kasi, ni gitaa. Biti mpya inasaidia sawa, lakini mie nasema kinachoufanya wimbo wa mzaha uwe hiti ni watu wanaosikika wakicheka ndani ya rekodi yenyewe. Fikiria ile ya 1924. Kipindi hicho maiki za umeme zilikuwa bado hazijaingia kwenye kurekodi santuri, zimeingia mwaka uliofuata, kwahiyo jamaa wawili wamesimama mbele ya pembe kubwa wanaimbia ndani yake, mlango umefungwa, kimya kabisa, hakuna wa kucheka, na fundi akicheka ameharibu kazi inabidi waanze upya. Unachekesha ukuta. Ile ya Oxford ina ukumbi mzima nyuma yake, na wewe uliyeko nyumbani na redio yako unajikuta umeshaingia kwenye kundi, unacheka kwa sababu wenzako wanacheka.

Mtasema nimeokota mfano mmoja. Haya, 1960 Donegan akarudia mchezo uleule, safari hii na "My Old Man's a Dustman", yani mzee wangu ni mzoa taka, umejengwa juu ya vibwagizo vya zamani vya mtaani, na akaurekodi tena laivu ukumbini Doncaster, na katikati ya beti anatupiana utani na wenzake wa bendi watu wanavunjika mbavu. Huo uliingia kwenye chati ya Uingereza ukatua namba moja wiki yake ya kwanza kabisa, msanii wa kwanza wa Uingereza kufanya hivyo. Mara ya pili siyo bahati tena, mtu kashajua anachofanya.

Lakini ushahidi wangu mkubwa siyo Donegan, ni Chuck Berry. Jamani Chuck Berry, baba wa rokenroli, mtu ambaye gitaa lake limeigwa na dunia nzima, unajua wimbo wake pekee uliofika namba moja kwenye chati kuu ya Marekani ni upi? "My Ding-a-Ling", wimbo wa matusi ya mafumbo kuhusu mtoto na kidude chake cha kuchezea, uliorekodiwa kwanza na Dave Bartholomew mwaka 1952. Na sikilizeni vizuri hapa maana hapa ndo kesi inapoamuliwa. Mwaka 1968 Berry alishaujaribu studio, akausafisha, akauita "My Tambourine", na hakuna aliyegeuka. Ni wimbo uleule na muimbaji ni yuleyule. Februari 1972 yuko Coventry, Uingereza, mbele ya umati, akawagawa wanaume huku wanawake huku, akawafundisha sehemu zao, watu wanaimba wanacheka wanaona aibu wanaimba tena, zaidi ya dakika kumi na moja, ikakatwa ikawa kama nne kwa ajili ya redio, na Oktoba mwaka huohuo namba moja Marekani, halafu namba moja Uingereza wiki nne. Mama mmoja mwanaharakati wa maadili, Mary Whitehouse, akataka BBC iufungie na BBC ikakataa, na kama mnavyojua mtu akipigania kitu kifungiwe ndo kwanza watu wanakitafuta. Baikoko nayo lawama za maadili imezipata tele na sioni kama zimeipunguzia wapenzi hata mmoja.

Sasa nirudi nyumbani, maana sikuandika yote haya ili tuwasifie Waingereza.

Tukiwa watoto tulicheza nyama nyama. Mmoja anaita mnyama, wengine wanaruka na kuitikia "nyama!" kama mnyama huyo analiwa, na raha yote ya mchezo ni pale mwitaji anapoharakisha, ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku, halafu anachomekea paka, na kuna mmoja lazima ataruka peke yake na kuitikia, na hapo ndo watu mnaanguka chini kwa kicheko. Tazameni jinsi ulivyotengenezwa. Hauna maana bila kundi, na unamtaka mtu akosee. Ukiupeleka studio ukamfungia muimbaji mmoja kwenye kile kichumba chenye sponji ukutani, akaita na akaitikia mwenyewe, umeua kila kitu, hakuna atakayekosea. Na hivyo ndivyo maprodyuza wetu wanavyofanya kwa nyimbo za aina hii, wanachukua wimbo wa mtaani uliochangamka, wanaufua, wanaupiga pasi, wanaweka otoyuni, sauti za kuitikia ni za msanii mwenyewe zimepangwa saba kwa saba kila moja sawasawa na mwenzake, halafu wanashangaa kwanini hauendi. Utaendaje.

Kuna atakayeniuliza, mbona "Kidali Po" ya Mr Nice ilitikisa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ilikuwa kazi ya studio? Swali zuri, na hili ndo linanifanya nirekebishe kidogo nilivyosema. Mr Nice hakuwarekodi watu, lakini alichukua mwito wa mchezo wa watoto ambao kila mtu alishakua nao mdomoni, ukisikia mwito huwezi kunyamaza, mdomo unajijibu. Yani kundi halikuwa ndani ya rekodi, aliliachia nafasi lije lenyewe. Ni ileile "Baby Shark" ya Pinkfong wa Korea Kusini, wimbo wa kambini wa zamani usio na mwenyewe, walioutoa upya 2016 wakaweka mikono ya kuiga papa, na mikono hiyo ndo ikawa nafasi ya watu, kila mzazi akamrekodi mwanae, na Novemba 2020 ikawa video iliyotazamwa kuliko zote YouTube. Kwahiyo ama umuingize msikilizaji ndani ya rekodi ama umuachie kiti kitupu akae. Ukifanya vyote viwili hapo sijui nani atakuzuia. Usipofanya hata kimoja basi umetengeneza tangazo la sabuni.

Wanaoijua hii vizuri kuliko wote nchini ni watu wa vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha. Klipu ya singeli, ule muziki wa uswahilini wa kasi, iliyorekodiwa kwa simu kwenye kigodoro, sauti mbovu, biti zaidi ya 200 kwa dakika, MC anamtania jirani mwenye nyumba, watu wanapiga yowe, ile klipu ina uhai ambao toleo rasmi la studio la wimbo huohuo halinaga. Na taarab ya Tanga je? Tunavisifia vikundi vya Black Star na Lucky Star kwa kuingiza magitaa na kuupa taarab mwendo mwepesi wa kuchezeka, na ni kweli, lakini nani kasahau wale kina mama wanaonyanyuka kwenda kutunza ule mstari uliomgusa shoga yake aliyekaa meza ya pili? Nusu ya wimbo iko kwa anayetunza na anayetunziwa. Kwenye kanda ile nusu haipo ndo maana kijana wa leo akiisikiliza peke yake kwenye spika za masikioni anaona mbona taratibu hivi.

Ila tusidanganyane, kuna gharama. Mashabiki wa Donegan waliomfata kwa ajili ya Lead Belly na nyimbo za reli na magereza, wengi walinuna alipoanza kuimba bigijii na wazoa taka, wakasema kauza roho kwa kumbi za vichekesho. Na kweli jina lake kwa miaka mingi likabaki kwenye mizaha, mpaka watu ilibidi wakumbushwe kwamba huyu ndo aliyewawasha kina Lennon. Berry naye, "Johnny B. Goode" iliishia namba 8, kidude kikapewa namba moja. Naona wivu wa wanamuziki hapo ni halali kabisa, umekesha miaka unatunga vitu vya maana halafu dunia inakupa taji kwa upuuzi wa dakika nne. Lakini sikubali kwamba ni kazi rahisi. Kuwafanya watu wasiojuana waimbe upuuzi pamoja bila kuona haya ni ufundi mgumu kuliko kuimba mapenzi, mapenzi yanajiimba yenyewe.

La mwisho ni hela, na hapa ndo vijiwe vingekuwa na haki ya kukasirika lakini havikasirikii penyewe. Wimbo wa bigijii ulikuwa na watunzi wanaojulikana, wameandikwa, na Billy Rose alikuwa hai mpaka 1966, kwahiyo ulipovuma 1959 na 1961 haukumkuta kaburini. "My Old Man's a Dustman" imetokana na vibwagizo ambavyo mtaa uliimba bila kumuandika mtu, lakini kwenye santuri yameandikwa majina, Donegan, meneja wake Peter Buchanan, na Beverly Thorn ambaye kumbe ni jina la kificho la mtunzi Leslie Bricusse. Mtaa haukuandikwa. Na "Baby Shark" ndo usiseme, Mmarekani mmoja mwimbaji wa watoto, Johnny Only, aliyekuwa ameutoa mwaka 2011, alifungua kesi mahakamani Korea Kusini akidai Pinkfong wamemuiga, akashindwa 2021, akakata rufaa, na 2025 Mahakama ya Juu kabisa ya huko ikamalizia: wimbo ni wa jadi na ulichoongeza wewe hakitoshi kuwa mali yako. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 nayo inazitambua kazi za jadi, lakini jadi haina akaunti ya benki, na wale kina mama wanaopiga ngoma Makorora na Pongwe wakichukuliwa kibwagizo chao leo, anayeenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kujaza fomu ni aliyekuwa na leptopu.

Kwahiyo rufaa yangu ni hii. Acheni kumhukumu kijana kwa kuokota wimbo wa mzaha, muulizeni kauokota kwa nani na kawaweka wapi wenyewe. Kama kuna prodyuza wa Tanga anataka kunithibitishia nimekosea, achukue nyama nyama, asiende studio, aende uwanja wa Tangamano jioni ya sikukuu, atege maiki mbili, moja kwa mwitaji moja kwa umati, na yule atakayeruka peke yake kwenye paka asimkate kwenye miksingi. Na fomu aende nayo hukohuko uwanjani, wapiga ngoma waandike majina yao kabla jua halijazama.